Folda Niliyoiita Takataka

Saa tatu na nusu asubuhi, siku ya Jumanne, kompyuta yangu iliniambia kwamba memori imekwisha. Haikusema kwa ukali. Kisanduku kidogo kilitokea katikati ya skrini kikiwa na kitufe kimoja tu, cha kukubali. Nilikubali huku nikitukana, na mama yangu, aliyekuwa sebuleni akikunja leso zake na kuzitia mkobani, alisikia kila neno. Nyumba zetu za Donholm, Nairobi, zina kuta nyembamba, na mimi sijui kutukana kwa sauti ya chini.

"Mama, imefika wapi?" aliniuliza.

Huyo mama ni mimi. Nilipewa jina la mama yake, na kwetu magharibi mtoto wa namna hiyo huitwa mama tangu akiwa kwenye nepi.

"Inakuja," nikamjibu.

Saa sita mchana alitakiwa awe hospitalini. Angelazwa, na kesho yake asubuhi wangemfanyia upasuaji wa uvimbe wa tezi ya shingo. Daktari alikuwa ametueleza bila kuzungukazunguka: mishipa inayoendesha sauti inapita pale pale penye uvimbe. Huenda sauti ikarudi kama ilivyokuwa, huenda ikarudi nyingine, huenda isirudi. Mama alikuwa ameongoza nyimbo za akina mama kanisani kwa karibu miaka thelathini. Aliuliza swali moja tu, kama anaruhusiwa kuimba kabla ya siku hiyo, na daktari akasema aimbe mara moja kisha apumzishe koo. Hiyo mara moja ndiyo niliyoirekodi mimi. Alichotaka ni kuiona na kuisikia kabla ya kuingia. Hakuniomba kitu kingine, na mama yangu si mtu wa kuombaomba.

Kazi yangu ni video. Napiga harusi, mahari, mazishi, na waimbaji wa mtaani wanaotaka waonekane wakiimba juu ya mawingu. Hii ya mama nilitaka ipite zote. Wimbo aliutunga mwenyewe, unahusu yale mawe makubwa ya kijijini kwao, na binamu yangu alikuwa amenitumia picha za mawe hayo zilizopigwa asubuhi yenye ukungu. Mpango ulikuwa rahisi. Ningetundika kitambaa cha kijani kwenye ukumbi wa kanisa, niwapige picha akina mama kumi na mmoja wakiimba mbele yake, kisha programu ya kuhariri iondoe kijani chote, na mimi niwaweke mbele ya mawe. Halafu ningewanakili mpaka wawe sitini.

Nilimpigia simu mwenyekiti wa akina mama nikamwambia, kwa haraka yangu ya kawaida, kwamba rangi ni kijani. Nilimaanisha kitambaa cha ukutani. Lakini mtu yeyote aliyewahi kualikwa shughuli Nairobi anajua maana ya kuambiwa rangi. Ukiambiwa ni zambarau, unavaa zambarau, na ukija na nyekundu umemwaibisha mwenye shughuli. Wale akina mama hawajawahi kumwaibisha mtu. Walitafuta kitenge, wakakishona kwa siku nne, na Jumamosi ya kurekodi wakaingia ukumbini wote kumi na mmoja wakiwa kijani tupu, kuanzia vilemba hadi viatu. Mama yangu alikuwa katikati yao.

"Hii ni nini sasa?" niliwauliza.

"Si ulisema rangi ni green?" mwenyekiti akasema, amefurahi kweli. "Angalia, hata earrings ni green."

Nilijaribu kidogo kwenye kompyuta ili niwaonyeshe. Programu ilikula ukuta, ikala magauni, ikaacha nyuso na mikono ikielea. Mmoja wao alicheka, na hapo ndipo nilipolipuka. Niliwasemesha wanawake walionifunga nepi kama mtu anayefukuza kuku jikoni. Sitayarudia yote. Mama ndiye aliyenikatiza, kwa sauti yake nzuri ambayo wakati huo bado alikuwa nayo.

"Mama, tuanze. Hawa watu wameacha kazi zao."

Tukaanza, kwa sababu hakukuwa na Jumamosi nyingine. Sauti yenyewe niliirekodi kwa kimashine kidogo cha kurekodia sauti, nikakiweka karibu na miguu ya mama. Kamera ilikuwa mwisho wa ukumbi, na mimi nilisimama kando yake nikiamrisha. Nilifika nyumbani bado nimefura. Nilipohamisha sauti kwenye kompyuta, folda iliyokuwa wazi mbele yangu ilikuwa ile ambamo programu huweka vipande vyake vya muda, vile inavyopika ikifanya kazi na ambavyo mtu anaweza kuvifuta wakati wowote. Humo ndani nilifungua folda nyingine, nikamwaga sauti, na nikaipa jina takataka. Hivyo ndivyo nilivyoiona siku ile. Jumamosi iliyofuata nilikuwa na harusi, nikaifuta kadi ya kimashine ili niitumie tena, nikaenda.

Kwa siku kumi nilikuwa nikiwakata akina mama wale kwa mkono. Kwa kuwa programu haikuweza kutofautisha gauni na ukuta, nililazimika kuchora mstari kumzunguka kila mmoja, picha moja baada ya nyingine, na wimbo wa dakika nne una picha elfu sita. Kila mstari ni mzigo. Kila nakala ya mtu ni mzigo mwingine. Mzigo huo wote unabebwa na memori ya kufanyia kazi, ile ambayo mafundi huiita RAM. Diski ni kabati, unaweza kujaza vitu miaka na miaka. Memori ni meza ya jikoni, na ikijaa huwezi hata kukata kitunguu.

Kwenye mipangilio ya programu kuna mahali unapoulizwa: memori kiasi gani iachiwe vitu vingine? Mashine yangu ilikuwa na gigabaiti kumi na sita. Nilikuwa nimeiachia moja na nusu, kiasi kidogo kabisa programu ilichokubali, na zilizobaki zote nikazipa kazi yangu. Niliona huo ni ujanja. Nilikuwa nimewacheka wengine ambao hawakuufahamu.

Saa nne kasoro dakika ishirini kishale cha kipanya kilisimama. Nilikisukuma, hakikusogea. Saa ya pembeni mwa skrini nayo ikasimama kwenye dakika hiyo hiyo. Niliketi nikiitazama nikisubiri igeuke, na haikugeuka. Nikampigia fundi ninayemwamini, jamaa tuliyesoma naye, mwenye kibanda cha kompyuta mtaani Umoja.

"Niaje. Umeipatia RAM ngapi hiyo program?"

"Yote."

"Yote? Sasa machine yenyewe itatumia nini?"

Nilisukuma kipanya tena, bure.

"Zima kwa nguvu," akasema. "Ukiwasha, rudishia machine kama sita hivi. Na uzime ile kitu ya kufanya frame mingi pamoja. Ifanye moja moja."

"Itakuwa pole pole."

"Afadhali pole pole kuliko hiyo yako ya sasa."

Nilibonyeza kitufe cha kuzimia mpaka skrini ikawa nyeusi. Mama alikuja akasimama mlangoni. Uvimbe ulikuwa umemlemea tangu mwisho wa juma, na sauti yake ilikuwa imebaki ya kukwaruza, ya mtu aliyeamka na homa.  Aliniwekea chai kando ya mkono, akarudi kwenye mkoba wake. Sikuinywa.

Saa nne kamili mashine iliwaka. Programu ilikuwa imehifadhi kazi yenyewe, ikapotea kazi ya dakika chache tu, nami nikamshukuru Mungu kwa sauti. Niliirudishia mashine gigabaiti sita. Niliizuia programu kushika picha nyingi kwa pamoja. Nilipunguza kina cha rangi, jambo ambalo mama asingeligundua hata angekodoa macho. Kisha nikaanza kurenda, yaani kuitoa video iwe kitu kimoja cha kuchezwa, na programu ikanikadiria saa mbili na nusu. Nikafuta nakala zote. Wale sitini wakarudi kumi na mmoja. Ikawa saa moja na robo, na nilijua tukitoka saa tano na robo tutafika kwa wakati. Niliugawa wimbo vipande vinne ili angalau aone vya kwanza.

Ndipo nilipoonywa kwamba diski imejaa.

Nataka nieleze nilivyofanya, kwa sababu nimejiuliza mara nyingi. Nilifunga programu. Nilifungua ile folda ya vipande vya muda, na mle ndani kulikuwa na folda zenye majina marefu ya namba na herufi, na moja yenye jina la kusomeka. Takataka. Sikumbuki kufikiri. Nilizichagua zote na kuzifuta moja kwa moja, bila kuzipitisha kwenye pipa, kwa kuwa kitu kikiwa kwenye pipa bado kinakula nafasi ya diski. Nilihisi raha ya mtu aliyefagia nyumba. Programu ilipofunguka ilinionya kuwa kuna faili haioni. Nilibonyeza kukubali bila kusoma.

Kipande cha kwanza kilichukua dakika ishirini. Mama alikuja na kiti, akaketi nyuma yangu, na kwa dakika ishirini tulitazama mstari wa buluu ukijaa taratibu. Nje mtu aliita akiuza mayai. Mama alikuwa amevaa viatu tayari.

Mstari ulijaa, nikafungua kipande, nikapandisha sauti mpaka mwisho.

Picha ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Mawe yalisimama na ukungu wake, na akina mama kumi na mmoja walikuwa mbele yake, wamekatwa vizuri, hata pindo za vilemba zilionekana. Mama alifungua kinywa. Hakikutoka kitu. Walifungua vinywa wote, wakayumba kulia, wakayumba kushoto, kwa kimya kabisa. Nilikagua waya wa spika. Nilikagua kila kitu ambacho hakikuwa na kosa, kwa sababu mwili wangu ulikuwa umeshajua na kichwa kilikuwa kinakataa.

"Labda sauti inakuja baadaye," mama akasema.

Nilimpigia fundi tena. Aliniuliza kama nimeandika kitu chochote juu ya diski ile baada ya kufuta. Nikamwambia nimerenda dakika ishirini. 

"Hapo pole," akasema. "Niletee tu, nitajaribu. Lakini hapo pole."

Sikuwa na namna ya kulisema vizuri. Niligeuka kwenye kiti nikamwambia mama kwamba nimeifuta sauti yake, mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na kwamba nilikuwa nimeiweka mahali pabaya na kuipa jina baya kwa sababu ya hasira za ile Jumamosi. Nilianza kulia katikati. Mimi ni mtu wa kulia kwa hasira, na hata wakati huo nilijua kwamba nusu ya machozi yale yalikuwa hasira.

 Akaondoa leso shingoni.

"Washa simu yako. Nitaimba tena."

"Daktari alisema usiimbe."

"Washa."

Nikaiwasha. Alivuta pumzi jinsi ninavyomjua, mabega yakashuka, akaanza ubeti wa kwanza. Mstari wa kwanza ulitoka mwembamba lakini ulitoka. Wa pili ulipasuka katikati ya neno. Alirudi nyuma akaujaribu tena, ukapasuka pale pale, na kikohozi kikamkamata, akakohoa mpaka akashika meza. Nilimletea maji. Niliogopa mno kwamba nimemuumiza kwa namna isiyoweza kurekebishwa, siku moja kabla ya upasuaji, kwa ajili ya video. Alipopata pumzi alijifunga leso yake upya na kuniashiria kwa kidole nizime simu.

Saa tano ilikuwa imefika. Ndipo nilipokumbuka kwamba kamera nayo hurekodi sauti yake yenyewe. Huwa hatuitumii kwa sababu inatoka mbali na ni chafu. Nilivaa vipokea sauti ili asisikie kabla yangu, nikafungua video ya asili, ile yenye ukuta wa kijani.

Alikuwepo. Sauti yake ilikuwa mbali, mwisho wa ukumbi, lakini ilikuwa nzima, kubwa, bila mkwaruzo. Na karibu, karibu kabisa na kamera, nilikuwepo mimi. "Nyamazeni basi. Mnaona vile mmeniharibia kazi?" Kisha akaanza kuimba. "Wewe wa nyuma, unaenda wapi?" Anaimba. "Mama, kidevu juu. Juu. Si nimesema juu?" Hapakuwa na ubeti ambao sikuuingilia. Nilijaribu kuichuja sauti yangu, na kila nilipoipunguza ile ya mama ilipungua nayo. Ilihitaji siku nyingi na fundi wa sauti aliye hodari kuliko mimi, na nilikuwa na dakika kumi.

Gari lilipiga honi chini. Mume wa mwenyekiti alikuwa amejitolea kutupeleka, na mwenyekiti mwenyewe alikuwa amekaa mbele. Nilihamisha video ile ya kamera kwenye simu, bila mawe, bila chochote, nikabeba mkoba, tukashuka ngazi.

Tulikuwa kwenye barabara ya Outer Ring, foleni imesimama, mama aliponiinamia.

"Iko tayari?" akanong'ona.

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Vipokea sauti vilikuwa mfukoni. Mbele yangu kilikuwa kichogo cha mwenyekiti, mwanamke aliyeshona gauni kwa siku nne ili anipendeze, na ambaye mle ndani ya simu nilikuwa nikimfokea. Ningeweza kumpa mama vipokea sauti, mwenyekiti asisikie lolote. Lakini mama angesikia.

"Bado," nikasema. "Nitakuletea ukitoka."

Akaitikia kwa kichwa. Alitazama dirishani mpaka tukafika, na walipomwita ndani hakuuliza tena.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi la hospitali kwa saa tano. Nilijua kitu kimoja tu: kwamba akifa mle ndani, atakuwa amekufa bila kusikia alichokiomba, nacho kilikuwa mfukoni mwangu, kwa sababu nilimwonea haya mtu aliyenizaa. Niliona aibu ya kweli, ile ya kukaa mwilini. Sikuweza hata kula mandazi aliyoniletea mwenyekiti, ambaye alikaa nami muda wote akinishika goti.

Hakufa. Na nitalisema sasa ili usilingoje: sauti ya kuimba haikurudi. Anaongea leo, kwa sauti nyepesi inayochoka haraka, na kanisani anaketi mstari wa tatu. Fundi wa Umoja alihangaika na diski yangu siku mbili bila kupata kitu.

Siku ya pili baada ya upasuaji niliruhusiwa kukaa naye kwa muda. Alikuwa na bandeji shingoni na amekatazwa kusema hata neno. Nilikuwa nimempelekea kalamu na daftari la shule la kurasa thelathini na mbili, na alikuwa ameshaandika humo kuhusu maji, mto, na muuguzi mkali. Aliponiona alifungua ukurasa mpya akaandika: Umeileta?

Nikamwambia ukweli wa garini. Kisha nikamvalisha vipokea sauti, kimoja kwake na kimoja kwangu, nikaiweka.

Alitazama bila kupepesa. Niliposikia maneno yangu ya kwanza nilitaka kuizima, akanishika mkono nisiguse. Akajisikiliza akianza. Baada ya mistari miwili aliisimamisha mwenyewe, akachukua kalamu.

Hapa nilianza chini sana, akaandika.

"Ulianza vizuri, mama."

Akatikisa kichwa kidogo, kwa kadiri bandeji ilivyomruhusu. Mwandiko wake ni wa karani wa kaunsili, alioutumia maisha yake yote ya kazi, na hata amelala aliandika kwa mstari ulionyooka. Akaongeza: Huu wimbo huwa nauanza juu. Siku hiyo nilikuogopa.

Nilisoma mara mbili. Nilikuwa na miaka thelathini na nne, na sikuwahi kufikiri kwamba mama yangu angeweza kuniogopa. Nilimwomba msamaha. Nilisema nisamehe, mama, mara kadhaa, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kututazama. Yeye alinisubiri nimalize. Kisha akavuta daftari karibu na kuandika maneno mawili: Weka tena.

Nikairudisha mwanzo, nikaweka tena, na sauti yangu ikatangulia.